Wino unabanduka kwenye chupa za sabuni: je, ninunue mashine ya plazima?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Natengeneza sabuni ya maji hapa Mbagala na nembo nachapa mwenyewe kwa skrini, kwenye chupa nyeupe za plastiki za lita moja na za nusu lita. Mzigo wa kwanza wa chupa wino ulishika vizuri kabisa. Mzigo wa pili, chupa zile zile, muuzaji yule yule, wino ule ule, lakini ukikwaruza kwa kucha nembo inatoka kama ganda la kitunguu. Nimefuta kwa spiriti, nimefuta kwa thina, hakuna kilichobadilika. Sasa kuna kijana kanionyesha video ya mashine ya mkononi inayotoa ulimi wa zambarau. Anasema ni plazima baridi: ukiipitisha mara moja plastiki inashika wino maisha, inaondoa mafuta na inaua vijidudu. Bei yake inakaribia ya pikipiki mpya. Nikope ninunue? Nisisahau: huwa najaza sabuni kwanza, nafunga vifuniko, ndipo nachapa.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usikope kwanza. Mashine hiyo si kiini macho. Plazima baridi ipo, inafanya kazi, na viwanda vingi vya magari na vifungashio duniani wanaitumia kila siku. Ila katika yale matatu aliyokuambia huyo kijana, la kwanza ni nusu ya kweli, la pili ni robo, na la tatu halikuhusu. Tena sentensi yako ya mwisho, ile uliyoiweka kama nyongeza, ndiyo iliyonifanya niandike kirefu. Nitaifikia.

Tuanze na chupa yenyewe. Igeuze uangalie kitakoni, utakuta pembetatu ndogo yenye namba ndani. Kwa chupa nyeupe isiyopitisha mwanga, naweka dau kwamba ni 2, yaani polietilini nzito. Ikiwa ni 5 ni polipropilini, kama vifuniko vingi vilivyo. Chupa za maji ya kunywa zinazong'aa huwa na namba 1, na hizo ni plastiki ya tabia nyingine kabisa.

Tofauti yao iko kwenye kitu ambacho sisi wa maabara tunakiita nishati ya uso. Umeona tone la maji juu ya jani la myugwa linavyojikunja likawa kama shanga, likaviringika likaanguka bila kuacha unyevu? Maji yanapendana yenyewe kwa yenyewe kuliko yanavyolipenda jani. Lidondoshe tone lile lile kwenye kioo safi, litatandaa. Mapenzi hayo yana kipimo, milinyutoni kwa mita, ingawa mafundi wa viwandani hulifupisha wakasema "daini", na tarakimu ni ile ile. Maji kwa nyuzi 20 yana karibu 73. Polietilini ina kama 31, polipropilini inacheza kwenye 30, na plastiki ya chupa za maji ya kunywa inafika kama 43. Kwa wino mwingi wa kuchapia plastiki, uso unatakiwa uwe na 38 hadi 42 au zaidi ndipo wino utandae na kushika. Kwa hiyo chupa yako, ikiwa haijafanyiwa chochote, ipo chini ya mstari. Wino unakaa juu yake kama mgeni aliyenyimwa kiti: amesimama mlangoni, na ukimgusa anaondoka.

Hapo utaniuliza, mbona mzigo wa kwanza ulishika? Kwa sababu viwanda vingi vya chupa, zikishatoka kwenye kalibu ya kuziumbia na kupoa, huzipitisha kwenye ndimi za moto wa gesi kwa muda usiozidi kupepesa macho. Chupa hazichomeki, zinababuliwa uso tu. Inawezekana mzigo wa kwanza ulipitia huko karibuni na wa pili haukupitia. Au yote miwili ilipitia, ila huo wa pili umekaa ghalani miezi chini ya bati, na ule ubabuzi umekwisha nguvu. Muuzaji wako naye pengine hajui, kwa macho chupa hizo hazina tofauti yoyote. Hili ni swali la kumuuliza kabla hujanunua mashine ya mtu: je, chupa zimepitishwa motoni, na lini?

Sasa plazima. Barafu ukiipasha inakuwa maji, maji yanakuwa mvuke. Gesi nayo ukiipa nguvu ya kutosha, elektroni zinang'oka kwenye atomi zake na unapata mchanganyiko wa chaji unaopitisha umeme na kutoa mwanga. Hiyo ndiyo plazima. Vitabu vingine vya Kiswahili huiita utegili, neno ambalo mimi nalipenda ila wauzaji hawalijui. Jina la plazima kwa maana hii alilianzisha Mmarekani Irving Langmuir mwaka 1928, na si ile plazima ya damu ya hospitalini. Radi ni plazima. Ule mwanga mkali kwenye ncha ya fundi anayechomelea mageti ni plazima pia, na kila aliyewahi kuusogelea anajua si baridi.

Baridi inatoka wapi basi? Inatoka kwenye udogo wa elektroni. Molekuli ya nitrojeni, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya hewa tunayovuta, ni nzito kuliko elektroni zaidi ya mara elfu hamsini. Umeme unapozikimbiza elektroni, zinapata kasi ambayo tukiipima kwa joto ni maelfu mengi ya digrii, lakini zikigonga molekuli ni kama mbu kujigonga kwenye daladala: daladala haitikisiki. Ukikata umeme mapema kabla migongano haijawa mingi, unabaki na elektroni zenye moto ndani ya hewa ambayo unaweza kuwekea kidole. Kazi ngumu ni huko kukata mapema. Hewa ya kawaida inahitaji takriban kilovolti 3 kwa kila milimita ya pengo ndipo ikubali kupitisha umeme, na ikishakubali inataka kugeuka kuwa cheche nene ya moto kama ya kuchomelea. Mjerumani Werner von Siemens alipata ujanja wake mwaka 1857 alipotaka kutengeneza ozoni: aliweka kioo katikati ya vyuma viwili. Kioo hakipitishi umeme, hivyo kila kicheche kinachozaliwa kinajizima chenyewe ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde, kisha umeme unageuka upande wa pili na kinazaliwa kingine. Wengine badala ya kioo wanatumia upepo wa gesi unaopuliza kicheche nje ya nozeli, yaani mdomo wa mashine, kabla hakijanenepa. Huo ulimi wa zambarau uliouona kwenye video ni wa aina hiyo au ya karibu nayo.

Angalia pia kwamba neno "baridi" lina uongo kidogo ndani yake. Vile vidogo vya mkononi vya wati chache kweli ni vya uvuguvugu. Nozeli kubwa za kiwandani, kama za kampuni ya Plasmatreat ya Ujerumani iliyoanza mwaka 1995, hutoa ndimi zenye joto la kuunguza ukizitega mahali pamoja. Plastiki inasalimika kwa kuwa nozeli inapita mbio.

Plazima ikishagusa plastiki inafanya nini? Elektroni huvunja oksijeni ya hewani ikawa atomi moja moja, na atomi ya oksijeni iliyo peke yake ina njaa isiyo na adabu. Polietilini ni mnyororo mrefu wa kaboni uliovikwa haidrojeni mwanzo mwisho, hauna mahali pa kushikwa. Oksijeni inanyofoa haidrojeni, inaacha kidonda kwenye kaboni, na oksijeni nyingine inakuja kukaa hapo hapo. Mnyororo uliokuwa laini sasa una vishikizo. Wino wenye hadena, yaani dawa ya kuugumisha inayochanganywa nao kabla ya kuchapa, unaweza hata kufunga fundo la kikemia na baadhi ya vishikizo hivyo. Yote haya yanatokea kwenye tabaka la nanomita chache tu za juu. Unywele wa binadamu una upana wa nanomita kama 70,000, pima mwenyewe. Ndiyo maana chupa haibadiliki sura, uzito wala ugumu.

Na ndiyo maana pia ile ahadi ya "maisha" ni nusu ya kweli. Minyororo ya polietilini haijalala usingizi mzito kwa joto letu. Sehemu zake zisizo na mpangilio huganda kikweli kwenye baridi ya zaidi ya nyuzi 100 chini ya sifuri, kwa hiyo Dar es Salaam zinajigeuza geuza taratibu usiku na mchana. Vile vishikizo, vikikaa vikitazama hewa bila mwenzi, vinageuka migongo na kuzama ndani. Joto la ghala linaharakisha. Juu ya hapo, kiwanda huchanganya kwenye plastiki vitu vya kusaidia: nta ya kutelezesha, dawa ya kuzuia umeme tuli, na mafuta yaliyokuja na rangi nyeupe. Navyo hupanda juu polepole, kama mafuta kwenye mchuzi uliopoa. Ukichapa mara baada ya kutibu, wino unavishika vishikizo kabla havijageuka, na hapo mshikamano unadumu. Ukitibu leo ukachapa baada ya mwezi, umetibu bure. Kinachodumu ni ndoa ya wino na uso ikishafungwa. Uso uliotibiwa ukaachwa peke yake haudumu.

Kuhusu mafuta, plazima inaunguza tabaka jembamba sana la uchafu wa asili ya kaboni, kwa mfano alama za vidole. Mafuta unayoyaona kwa jicho haiyawezi. Kwa unene ule ungekaa hapo mpaka jioni. Ubaya zaidi ni silikoni. Ikiwa mtu kapulizia silikoni kwenye kalibu ili chupa zitoke upesi, plazima ya hewa haiiondoi, inaigeuza ganda gumu la jamii ya kioo lililokaa juu ya plastiki. Vijidudu ni kweli inaua. Ujerumani kuna kifaa cha plazima baridi cha kutibu vidonda, kINPen MED, kilichoidhinishwa kuwa kifaa cha tiba mwaka 2013. Lakini wewe unapitisha ulimi nje ya chupa, kwenye eneo la nembo, kwa sekunde chache. Ndani ya chupa pamebaki vile vile. Mwambie kijana hilo aliweke kando.

Sasa ile sentensi yako. Unajaza sabuni kwanza, ndipo unachapa. Mdogo wangu, hata plazima ya bei ya nyumba isingekuokoa hapo. Molekuli ya sabuni ina mkia unaopenda mafuta na kichwa kinachopenda maji. Ikidondokea chupa, au ikitoka mkononi mwa binti anayefunga vifuniko, mkia unalala kwenye plastiki na kichwa kinatazama nje. Unapata utando ambao jicho halioni, na wino wako unashika utando huo. Chupa yenyewe wino hauishiki hata kidogo. Kitambaa cha spiriti ulichofutia chupa hamsini kinausambaza tu kutoka chupa hadi chupa. Na ikiwa kweli chupa zilikuwa zimepitishwa motoni, kusugua kwa thina huenda kumeondoa hata ubabuzi uliobaki, maana vipande vilivyovunjika juu ya uso huyeyuka na kuondoka na kitambaa.

Utando wa sabuni una hila nyingine, unadanganya kipimo. Fundi atakuambia nyunyizia maji, yakitandaa uso ni mzuri. Kwenye chupa yenye sabuni maji yatatandaa vizuri kabisa, utashangilia, utachapa, na nembo itatoka kesho. Mimi mwenyewe nilishawahi kudanganywa hivyo, na nilikuwa tayari na cheti ukutani.

Kwa hiyo badilisha mpangilio: chapa chupa tupu, kavu, ambazo hazijaingia chumba cha sabuni, kisha subiri wino ukomae ndipo ujaze. Hili halina gharama. Huenda likaponya nusu ya ugonjwa. Nusu nyingine tuitafute kwa kipimo.

Wino wa daini, ule maalumu wa kupimia nishati ya uso, una matatizo yake, ule wa zamani hasa una formamaidi, kemikali yenye madhara kwa mimba, na sipendi kuiona kwenye karakana ya watu wenye mikono wazi. Kuna njia ya mezani. Chukua ethanoli safi ya maabara, iliyo karibu na asilimia 100. Spiriti ya rangi haifai. Pima gramu 20, changanya na gramu 80 za maji yaliyotoneshwa. Mchanganyiko huo una takriban 38, karibu kabisa na mstari unaoutaka. Gramu 10 kwa 90 za maji zinakupa kama 47. Chovya pamba ya masikioni, chora mstari mmoja kwenye chupa, hesabu moja, mbili. Mstari ukibaki mzima kwa sekunde mbili, uso umefika. Ukijikunja na kuwa shanga, haujafika. Changanya upya kila asubuhi na ufunike, kwa kuwa alkoholi huruka na kipimo kinapanda bila kukuaga. Na chupa ya kujaribia uisuuze kwanza kwa maji mengi na uikaushe, kwa sababu ile uliyoisikia juu.

Lakini usiabudu namba. Nilipokuwa kijana nilifanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha mifuko ya plastiki. Huko tulikuwa na mashine ya korona, mzee wa ukoo wa plazima baridi: cheche za zambarau kwenye upana wote wa karatasi ya plastiki inayopita. Mdenmark Verner Eisby ndiye aliyeibuni mwaka 1951, na jina lake halina uhusiano na ule ugonjwa, ingawa mwaka 2020 tulitaniwa sana. Wateja walilalamika wino haushiki, bosi akasema ongezeni umeme. Tukaongeza. Kipimo kikapanda hadi 50 na kitu, tukapongezana. Selotepu ikabandua wino wote, safi, kama haukuwahi kuwepo. Tulikuwa tumeipiga plastiki mpaka minyororo ya juu imekatika vipande vifupi, unga unga usioonekana. Wino ulishika unga, unga haukushika chochote. Tulipopunguza umeme tukabaki kwenye 42 hivi, kazi ikaenda. Tangu siku hiyo siamini kipimo cha tone peke yake. Naamini selotepu. Wewe nawe ifanye hivi: chapa, acha wino ukomae kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, kisha kwa wembe chora mistari sita na mingine sita ya kukatiza, umbali wa milimita 2, upate vyumba 25. Bandika selotepu nzuri, ikandamize, ivute. Kisha chupa nyingine iloweke kwenye sabuni yako mwenyewe siku mbili halafu urudie, kwa sababu huyo ndiye adui atakayeishi na nembo hiyo bafuni.

Ikiwa baada ya kubadilisha mpangilio bado chupa haifiki 38, una njia tatu kabla ya pikipiki.

Ya kwanza ni kumbana muuzaji akuletee zilizopitishwa motoni na usizikalishe.

Ya pili ni moto wako mwenyewe, na hapa naandika kwa uangalifu. Mwali wa gesi ya kupikia ukichomwa na hewa ya kutosha, ule wa buluu usio na njano hata chembe, umejaa vipande vya molekuli vyenye njaa ile ile ya oksijeni niliyoieleza. Mwali wenyewe, kusema kweli, ni binamu wa plazima. Chupa tupu, isiyo na kifuniko, inazungushwa mbele ya ncha ya mwali kwa sekunde moja au pungufu. Isiguse ile koni ya buluu iliyokolea ndani, iguse nje yake kidogo. Ukiona uso umeanza kung'aa tofauti au chupa inalegea, umepitiliza. Mwali wa njano unaweka masizi, nao unaharibu badala ya kutengeneza. Kazi hii ifanyike nje au chumba kingine kabisa na kile chenye wino, thina na ethanoli, na mtu wa pili asimame na kizima moto. Kama karakana yako ni chumba kimoja cha kupanga, acha njia hii. Sitaki kusikia habari zako kwenye redio.

Ya tatu ni praima ya plastiki, ile ya mafundi wa rangi za magari wanayopaka kwenye bampa kabla ya rangi. Bampa nyingi ni jamii ya polipropilini na zina ugonjwa wa chupa zako. Ndani yake mara nyingi kuna polipropilini iliyotiwa klorini, ambayo upande mmoja inaelewana na plastiki na upande mwingine na rangi. Inapakwa nyembamba mno, ukiona rangi yake umeshapaka nyingi. Ubaya wake ni harufu na gharama kwa chupa, na kwenye polietilini haishiki vizuri kama kwenye bampa. Ijaribu kwa chupa tano, usinunue ndoo. Ukichoka na yote hayo zipo lebo za kubandika, uziombe zenye gundi ya jamii ya mpira, maana zenye gundi ya akriliki nazo hulalamika kwenye polietilini.

Plazima ya mkononi inapata haki yake pale moto hauwezi kwenda: kifuniko chembamba kinachojikunja kwa joto, kifaa cha elektroniki kinachogundishwa, kasha la simu, kalamu, kitu chenye pembe na mashimo ambacho mwali ungekibabua pembeni na kuruka katikati. Ukianza kuchukua kazi kama hizo za wateja, nitakuunga mkono ununue. Kwa chupa za mviringo zilizo tupu, fanya hesabu pamoja nami. Eneo la nembo yako tuseme ni sentimita 8 kwa 10. Ulimi wa kifaa kidogo unafagia ukanda wa sentimita moja hivi. Ni mistari 8 ya sentimita 10, jumla sentimita 80. Ukienda sentimita 5 kwa sekunde, chupa moja ni sekunde 16. Chupa 500 ni zaidi ya saa mbili za mkono ulionyooka, bila kuhesabu kuokota na kuweka. Mkono ukichoka unaruka mahali, na pale uliporuka ndipo nembo itakapoanzia kutoka.

Ukiamua kwenda kwa kijana, nenda na chupa zako mwenyewe zilizosuuzwa, usikubali zake. Muulize mashine inakula nini. Inayotumia hewa ya kawaida ni sawa. Inayotaka argoni itabidi ununue mitungi kama ya mafundi wanaochomelea alumini, na inayotaka heliamu ikatae. Inayotumia hewa ya kompresa inahitaji hewa kavu isiyo na mafuta. Kompresa ya kawaida ya gereji inatema ukungu wa mafuta na maji, hasa kwa unyevu wetu wa pwani, na utakuwa unapaka mafuta kwenye chupa kwa mashine ya mamilioni. Chupa tatu alizokutibia zichape hapo hapo. Tatu nyingine zikae kwako wiki mbili ndipo uzichape. Utaona mwenyewe "maisha" ni muda gani.

Na harufu kali utakayoisikia kwenye maonyesho yake, ile kama ya baada ya radi, ni ozoni. Pua huinusa mapema, lakini inaizoea haraka na kuacha kukuonya. Kiwango kinachoruhusiwa kazini Marekani ni sehemu 0.1 kwa milioni kwa saa nane, kiasi kidogo sana, na chumba kisicho na dirisha kinakipita upesi. Inakereketa mapafu, inapasua mipira ya kufungia iliyokaa imevutwa. Feni ya kunyonya hewa kutoka kwenye ncha ya ulimi si anasa. Mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo asiikaribie mashine kabla ya kuuliza daktari wake. Na kama ilivyo kwa moto, ulimi huo ni volti maelfu: mvuke wa thina hauulizi cheche ni baridi au ya moto.

Jumamosi hii chukua chupa kumi ambazo hazijaona sabuni. Tano zichape jinsi zilivyo, tano zipitishwe motoni na mtu anayejua kisha zichapwe ndani ya saa hiyo hiyo. Selotepu itakujibu. Zikishika zile tano za kwanza, kosa lilikuwa sabuni. Zikishika za moto tu, kosa ni chupa, rudi kwa muuzaji. Zikitoka zote kumi, geuka uitazame hadena yako. Mara nyingi ni ya jamii ya isosayaneti, na kopo lililofungwa vibaya linakunywa unyevu wa hewa mpaka nguvu inaisha. Ukiona imekuwa na ukungu, imeota chembe au imeganda pembeni, nunua kopo jipya.